Macho ya Wanaoponda Mawe

Jumatatu, 2 Februari

Nimechota maji. Nimefagia. Nimempelekea Mama uji kule kwenye mashimo, kisha nikakaa pembeni na daftari langu la michoro, kama kila siku tangu nimalize shule. Mama na wenzake sita wanaponda mawe yanayotolewa chini, wakitafuta dhahabu. Mimi nachora. Naona aibu kukaa pale na mikono safi.

Leo nimemaliza ile picha kubwa. Mama ameinama, macho makubwa yanatazama jiwe, chozi liko karibu. Nimeipaka udongo mwekundu na vumbi la mawe yenyewe, nikichanganya na gundi. Tangu Madam Lihanda, mwalimu wetu wa sanaa, atuonyeshe kitabu cha picha za zamani, vibarua waliochorwa bila kupambwa, sitaki kuchora maua tena. Nataka kuchora kazi ya watu wetu hapa Iguhu.

Jumanne, 3 Februari

Madam ameiona kwa simu. Anasema inaliza. Anaitaka Jumamosi, kwa maonyesho ya vijana mjini Kakamega. Picha moja tu kwa kila mtu.

Picha yangu ukutani! Sijamwambia Mama.

Jumatano, 4 Februari

Nimefanya kosa. Nimemwonyesha Mama mbele ya wenzake.

Ameangalia kidogo, akageuka. Senge Robai, dada ya baba, ndiye aliyeanza.

"Uyu ni nani? Anangoja nani amhurumie?"

Wakacheka. Mwingine akasema huyo mama wa kwenye picha atakuwa kipofu kabla ya chai ya saa nne. Wakacheka zaidi. Sikuelewa, na sikuuliza. Mimi siulizagi.

Mama hakucheka. Alisema, "Hiyo haiendi mjini. Huyo si mimi."

"Mwalimu wa picha, kesho njoo uponde," Senge akasema. "Ndio utatuchora vizuri."

Nimelia nyuma ya choo. Nina hasira kwa sababu picha ni nzuri. Bila ruhusa ya Mama sina cha kupeleka.

Alhamisi, 5 Februari

Nimeponda. Saa mbili hadi saa tisa.

Senge alinipa nyundo yake ya zamani na ukanda wa mpira wa kuzungushia jiwe lisiruke. Pigo la tatu, kipande kikanipata chini ya jicho. Damu. Walicheka, lakini Mama alikuja akanifuta kwa leso yake.

"Hatuangalianga nyundo," akasema. "Unaangalia jiwe, unainua, unafumba."

Nikawatazama. Miezi miwili nimekaa pale na sikuwahi kuona. Wote wanafumba macho kila pigo na kugeuza uso kidogo. Na hawako kimya. Senge alikuwa anasimulia harusi ambayo wali uliisha kabla bwana harusi hajala. Hadithi inasimama nyundo ikishuka, halafu inaendelea.

Mimi nilichora huzuni yangu, nikaibandika kwenye uso wa Mama. Najionea haya.

Mgongo. Mabega. Siwezi kuandika zaidi.

Ijumaa, 6 Februari

Mkono umekakamaa kwa nyundo ya jana. Penseli imeanguka mara nne. Nimechora hivyo hivyo, kwenye kartoni, mistari imepinda na nimeiacha. Nyundo iko mbele kabisa, kubwa kuliko kichwa. Inashuka. Nyuma yake Mama, shingo imegeuka, macho yamefumbwa, mdomoni kuna kicheko kinachongoja.

Nimemtumia Madam. Amesema ya kwanza ina nguvu zaidi. Watu wa mjini hawataelewa hayo macho, watadhani amesinzia. Nimejibu kwamba naleta hii au sileti kitu. Sijawahi kumkatalia mwalimu.

Amechukua saa nzima kujibu. "Ilete. Nitatafuta nafasi."

Bado Mama hajaiona. Naogopa.

Jumamosi, 7 Februari

Nimerudi. Nimechoka sana. Picha imetundikwa karibu na mlango, na mlango ukifunguliwa nusu yake inafunikwa. Wengi wamepita bila kusimama. Bwana mmoja amesema huyo mama anasinzia. Madam amenitazama, nami nikatazama viatu vyangu.

Ninachotaka kuandika ni cha asubuhi.

Mama alikuwa barazani anafunga kitambaa kichwani, tayari kwenda kuponda. Niliishika picha mbele yake. Alianza kuangalia miguu yake mwenyewe kwenye picha. Akapanda polepole kwa ukanda wa mpira, jiwe, mkono. Alipofika kwenye nyundo, akafumba macho na kugeuza uso kidogo.

Hata hakujua amefanya hivyo.

Akavua leso kiunoni, akaifunga picha, akakaza fundo. "Barabara ya mjini ina vumbi," akasema.