Ndani ya Arobaini

Makorora, Tanga
Jumatano, baada ya Alasiri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai miguu imeacha kukuvimba, na kwamba mwaka huu umewaachia wengine kazi ya kuchuma karafuu. Huku tu hai, na mjukuu wako Salim leo katimiza siku ishirini na nne. Ana paji lako la uso, lile la kukasirika bila sababu.

Naandika kwa sababu kwenye simu siwezi kusema. Yangu iliharibika siku niliyojifungua, na ya mavyaa wangu, mama wa mume wangu Faki, ukipiga huwekwa sauti ya juu naye hukaa hapa kitandani akisikiliza. Na kaka Hamad, aliyekuja kumwona mtoto na kesho anarudi Pemba na barua hii, ni mwanamume. Mambo ya maziwa yangu nitamwambiaje?

Tangu nitoke hospitali sijavuka mlango wa chumba ila kwenda chooni. Dirisha limefungwa upepo usinipige. Mavyaa ananikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, ananifunga mkaja tumboni mpaka napumua kwa nusu, ananilisha uji wa pilipili manga na supu ya kuku. Nepi zote anafua yeye. Usimdhanie vibaya. Ananipenda, mama, ananipenda mpaka nakosa hewa.

Siku ya tatu alinikamua kila upande kwenye kisosi, akatazama kwenye mwanga, akaamua: ziwa la kulia ni la chakula, la kushoto ni la maji matupu, litamjaza mtoto tumbo bure. "Wanangu wote sita wamenyonya kulia," alisema. "Hilo jingine liache likauke lenyewe." Nikatii. Mimi nani hata nibishe, ndiyo kwanza nimezaa. La kulia chuchu ikapasuka, Salim akishika nauma kanga nisipige kelele. La kushoto likajaa, likawa gumu kama dafu, nikashikwa na homa ya kutetemeka. Mavyaa akasema ni jicho la mtu, akakataza wageni. Basi hata waliokuja kuniliwaza waliishia ukumbini.

Mtoto akawa analia mpaka sauti inamkauka. Kuna siku nepi moja ilitosha mchana kutwa, nami kwa ujinga wangu nikafurahi kwamba hachafui.

Aliyenifumbua macho ni Mama Neema, Mlutheri tunayechangia naye ua. Wazee wake walikuja zamani kukata mkonge. Mavyaa alikuwa anaswali Adhuhuri, yeye akaingia na nguo zangu alizozianua. Akamtazama Salim, akamgusa utosi. Kisha akasema, "Dada, huyu mtoto ana njaa. Hilo la kushoto unamwekea nani?"

Nililia kama mtoto mwenyewe. Akalikanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, akanionyesha nisubiri mtoto apanue kinywa sana, ashike na weusi wote, siyo ncha tu. Salim akavuta. Mama, nilimsikia akimeza! Nikacheka huku machozi yananitoka.

Tangu hapo mwanangu ananyonya kushoto kwa kuiba, mavyaa akiwa kwenye mswala. Sala za mchana ni fupi mno kwa mtoto mwenye njaa. Homa haijaisha, na Mama Neema anasema Salim apelekwe kliniki akapimwe uzito, nami nitazamwe, tena wiki hii hii.

Juzi nikajikaza, nikamwambia mavyaa yote. Hakukasirika. Alikunja nepi iliyokuwa mkononi, akasema, "Ingekuwa shauri langu ningekutoa. Lakini mama yako kanikabidhi wewe kwa mdomo wake, kaniapisha usivuke kizingiti kabla ya arobaini. Kikitokea kitu nitamjibu nini?" Faki naye yuko Pangani, jikoni kwenye hoteli anayofanyia kazi, anasema wazee ndio wanaojua.

Nisalimie baba, na bibi anayenidai mtoto wa kike wa kumpa jina lake, na shangazi Bikombo aliyeshona vile vikofia. Vyote vinampwaya.

Mama, najua unamwogopea nani ndani yangu. Dada Mize alitoka nje kabla ya arobaini yake kuisha, homa ikamchukua, na hujawahi kujisamehe. Lakini homa yake ilimkuta nje. Yangu imenikuta humu humu ndani. Na hili ndilo nisiloweza kukwambia kwenye simu mavyaa akisikiliza: mlango huu hakuufunga yeye wala Faki. Umeufunga wewe, kwa mapenzi, ukiwa ng'ambo ya maji. Barua ikifika, usinitumie dawa, usinitumie dua peke yake. Mpigie mavyaa umwambie neno moja: mtoe.

Ni mimi binti yako pekee uliyebaki naye,
Raya