Shukrani Saa ya Chakula

Jumatano, 25 Mei

Kuni mbichi tena. Nimepuliza moto mpaka macho yamekuwa ya mlevi. Zamu yangu ya kupika mtori wa ndizi, na masika hayataki kuisha. Nimebeba sufuria kichwani kutoka Moshono mpaka hospitali ya mjini, njia yote utelezi, ngata imelowa, shingo inauma. Getini askari kaniuliza leo nimeleta nini. Kila siku mtori, kila siku anauliza.

Tuko wanawake wanne. Mimi, Bibi Roza jirani yangu, Nai wa Sekei, na Mama Eliakunda wa Kijenge. Tunawalisha wagonjwa waliotoka mbali. Hospitali inatoa dawa, chakula analeta ndugu. Asiye na ndugu anatazama ukuta. Hakuna aliyetutuma. Tulianza siku zile marehemu mume wangu alipolazwa, na mzee wa kitanda cha pili akawa anakifuata kijiko chetu kwa macho tu. Sikuweza kuvumilia.

Mgonjwa mpya wodi ya wazazi: Nasieku, binti wa wafugaji wa magharibi ya mlima. Homa ilimshika akiwa mjamzito, mumewe akamleta kwa punda, akarudi kwa ng'ombe wake. Kajifungua mtoto wa kike, mdogo kama paka. Maziwa hayatoki. Sista kasema wazi: mama asipokula, mtoto hatapona. Mtori alipouonja mara ya kwanza alikunja uso kama kapewa kwinini. Nai akaongea naye Kimasai, tukaongeza samli. Akamaliza bakuli.

Ijumaa, 27 Mei

Karani Zakaria wa Boma la serikali kaja nyumbani na baiskeli. Mtoto wa hapa hapa mlimani, nilimfundisha shule ya Jumapili. Siku hizi shikamoo yake inatokea puani. Kasema bibi wa Bwana DC, Mzungu mkuu wa wilaya, alipita hospitali, akatuona na masufuria yetu, akaguswa. Siku ya kuzaliwa Malkia tutapewa nishani uwanjani, mbele ya watu wote.

Nilifurahi. Nisijidanganye, nilifurahi sana. Nilimkaangia mayai.

Bibi Roza kapokea habari akiwa anamenya ndizi. Hakuinua hata kichwa. "Mgema akisifiwa," akasema, akaishia hapo.

Jumatatu, 30 Mei

Kumbe nishani ina mazoezi. Kusimama mstari. Kwenda mbele kwa hatua. Kuinamisha kichwa, kidogo, si sana. Kurudi nyuma bila kumpa Bwana DC mgongo. Zakaria ana filimbi. Filimbi, jamani! Bibi Roza goti linamuuma, anapulizwa arudie kama mbuzi aliyeingia shamba la watu.

Halafu gauni jeupe na viatu. Nai hajavaa viatu tangu azaliwe. Kanitazama kama mimi ndiye niliyevibuni.

Mama Eliakunda peke yake anafurahia. Kashajifunza wimbo wa Malkia, anaimba huku anakoroga uji. Kajishonea kola ya vitambaa. Anataka asimame mbele kwa kuwa ni mrefu. Ananichosha.

Jumanne, 31 Mei

Mazoezi. Mvua. Tumekaa barazani pa Boma tukiingoja ikatike. Haikukatika. Mtori umefika baridi.

Alhamisi, 2 Juni

Nina hasira.

Leo ilikuwa zamu ya Nai kupika. Zakaria kasema mazoezi ni mafupi tu, twendeni wote. Tukaenda. Bwana mmoja wa Boma alitakiwa kuja kututazama, hakuja, tukaambiwa tusiondoke. Jua likavuka utosi. Tulipofika hospitali saa ya chakula ilikuwa imepita zamani. Nasieku alikuwa amelala kageukia ukutani. Tangu jana jioni hakuna kilichoingia mdomoni mwake. Mgonjwa wa jirani alitaka kumgawia uji, akakataa kwa haya, mgeni hali cha mwenzake. Mtoto alikuwa analia bila sauti. Mdomo unafunguka tu, hamna kitu.

Nimekimbia jikoni kwa dresa, yule mfunga vidonda, kuomba moto. Nikampikia uji mwenyewe nikiwa na gauni jeupe. Gauni limeharibika. Vizuri.

Yaani tunashukuriwa kwa kulisha watu mpaka watu wanalala njaa. Mwenye akili aniambie hii ni shukrani gani.

Jumamosi, 4 Juni

Nilidhani Zakaria kamaliza. Hajamaliza. Leo kaja na wazo lingine, kachangamka nalo kama kaokota ng'ombe. Anataka Nasieku aletwe uwanjani na mtoto mgongoni, akae kwenye kiti karibu na sisi, ili Bwana DC amwone mtu aliyesaidiwa. Keshamwahidi bibi wa DC.

Hata Mama Eliakunda aliacha kuimba.

Huku kwetu mzazi hatolewi mbele za watu. Anakaa ndani, anakula, ananenepa, anafichwa macho ya watu mpaka atimize siku zake. Anayetaka kumwona anamfuata huko huko, na haendi mikono mitupu. Kwao Nai ni hivyo hivyo. Zakaria anajua. Mama yake alimlea humo humo. Bibi Roza kamwuliza taratibu kama kule alikosomea alibadilishiwa hata mama. Zakaria kasema mambo hayo yamepitwa na wakati. Bibi Roza katia mwiko kwenye sufuria, katoka nje. Nilimwona anaongea na mgomba.

Jumapili, 5 Juni

Kanisani watu wameanza kutuangalia. Wengine wanapongeza. Wengine hawapongezi. Tangu serikali ilipowatoa watu kwenye mashamba yao huko kaskazini, anayepokea kitu mkononi mwa Boma anatiliwa shaka. Mume wa Mama Eliakunda kamwambia kabla ya ibada kuisha, akienda kuchukua hicho kishaba cha nishani, watu watasema na yeye ameuza ardhi. Mama Eliakunda kajibu kuwa gauni limeshashonwa.

Gauni! Mtu anakwambia habari ya mji mzima, wewe unasema gauni.

Jumanne, 7 Juni

Nimemwambia Zakaria mzazi hatoki. Nimesema na mazoezi basi, na siku yenyewe huenda tusije, kwa sababu sherehe imewekwa saa ile ile ya chakula, na madresa wote watakuwa uwanjani, wodi zitabaki na wagonjwa na inzi. Kasema, "Mama, mkimwaibisha Bwana DC, msishangae mkifungiwa geti."

Kasema kwa adabu kabisa. Na shikamoo ya kuagia juu.

Basi, sasa tumekamatwa pande zote mbili. Tukienda, Nasieku hali wala halishwi siku nzima, au anaanikwa juani na kichanga. Tusipoenda, geti linafungwa na wote wanakosa, leo na mwakani. Jana maziwa yalianza kuonekana, matone tu. Sista kasema siku hizi mbili tatu ndizo zitakazoamua. Mtoto anavuta kidogo, anachoka, analala.

Jioni tumekaa kwangu wanne. Nai hataki kwenda. Bibi Roza hataki hata kuulizwa. Mama Eliakunda kasema, "Mimi nitakwenda." Nilimpasukia. Nilimwambia anapenda kusifiwa kuliko anavyopenda watu, na kwamba ile kola yake haitamnyonyesha mtoto wa mtu. Kachukua mtungi wake, kaondoka.

Alhamisi, 9 Juni

Siku ya Malkia. Mizinga haikupigwa, tarumbeta tu, tumezisikia mpaka wodini.

Tulipika watatu. Kuni kavu kwa mara ya kwanza mwezi huu, Mungu naye ana utani wake. Geti lilikuwa wazi, askari mwenyewe kaenda kutazama gwaride. Hospitali kimya kabisa. Tumelisha wodi zote, tumefua, Bibi Roza kamkanda Nasieku mgongo kwa maji ya moto huku anamgombeza kwa Kimeru, na yule binti haelewi hata neno moja lakini anatii.

Mchana maziwa yakaja. Si matone. Yalilowesha shuka. Nai alipiga kigelegele, mzee wa wodi ya pili akadhani kuna moto. Mtoto alinyonya, akapaliwa, akanyonya tena. Sista alikuwa kaachwa peke yake zamu, alisimama mlangoni akatazama, kisha akaenda zake kuandika joto la wagonjwa.

Mimi nilikaa chini sakafuni.

Ijumaa, 10 Juni

Leo nimesikia ya jana, kwanza kutoka kwa dresa, halafu kwa Mama Eliakunda mwenyewe.

Alikwenda peke yake. Viti vinne vimewekwa mstari wa mbele, kakalia kimoja, vitatu vitupu. Kiti cha Nasieku kando, kitupu. Zakaria jasho linamtoka. Bwana DC kauliza wengine wako wapi. Mama Eliakunda kasimama, na ile sauti yake ya kwaya inayonikera kila Jumapili, kajibu uwanja mzima ukasikia: wako jikoni, Bwana, sasa hivi ni saa ya chakula cha wagonjwa, wamenituma mimi niseme ahsante. Na mzazi je? Mzazi wetu hatoki ndani, Bwana, anayetaka kumwona anakaribishwa, ila aje na kitu mkononi. Dresa anasema watu walicheka. Bwana DC akasema kitu kwa Kizungu kwa mkewe, akambandika nishani, akaenda kwa wanaofuata. Bibi wa DC hajaja wodini. Labda anatafuta kitu cha kubeba.

Hatukutuma mtu. Alitunga hapo hapo.

Geti halijafungwa. Nani afunge, baada ya kusema vile mbele ya watu wote? Lakini mume wa Mama Eliakunda hakulala nyumbani, na jana hiyo hiyo sokoni muuza chumvi aligoma kumwuzia, kamwita mke wa Boma. Ananisimulia haya huku anamenya ndizi, anaimba katikati. Nikamwuliza kwa nini hakunieleza Jumanne. Kasema ningemkatalia kwenda, na mtu mmoja ilibidi akae kwenye kile kiti.

Nilimpa ule mfupa wenye ute, ambao siku zote najifichia mwenyewe. Kaufyonza mpaka mwisho, kelele kama mtoto.

Jumatatu, 13 Juni

Zamu ya Bibi Roza, goti limemkatalia, nimebeba mimi. Zakaria kapita na baiskeli, kageuza uso. Muuza chumvi bado kanuna. Sasa tunanunua wote wanne kwa mwingine.

Jumatano, 15 Juni

Asubuhi njema. Mlima umefunuka wote, baridi kali.

Nasieku karuhusiwa. Kaja kuchukuliwa na mama mkwe, bikizee mwembamba, amevaa ngozi na shanga, ametembea siku nyingi na punda yule yule. Hakuongea Kiswahili hata kidogo. Kamchukua mtoto, kampekua kila mahali, vidole, masikio, tumbo. Mtoto kanenepa shingo. Kisha akamwuliza Nasieku maneno mengi, na Nasieku akawa anatuonyesha kwa kidevu, mmoja mmoja.

Bikizee akaja kwetu. Nai akainamisha kichwa haraka, akatunong'oneza tusimame hivyo hivyo. Yule mama akamtemea Nai mate usoni, kidogo kidogo kama mvua ya rasharasha, huku anaombea kwa Kimasai. Ndiyo baraka yao. Akaja kwa Bibi Roza, anayefuta meza mara tatu kabla ya kula. Bibi Roza alifumba macho akapokea. Kwa Mama Eliakunda alikaa sana kuliko wote, sijui Nasieku alimwambia nini. Yule mwanamke wa kelele alikuwa analia kimya kimya. Halafu mimi.

Wakapanda, wakaondoka polepole upande wa magharibi. Nasieku kajifunika shuka, yeye na mtoto, hakuna aliyeweza kuwaona.

Nimerudi Moshono na sufuria tupu. Nimewasha moto, nimekula, nimekaa. Jioni hii uso sijaunawa.