Jiwe la Uani

Jumamosi

Bati la jikoni tutabadilisha, hilo halina mjadala. Mvua ya juzi imetuumbua. Sebuleni tutapaka rangi, maana ukuta bado una alama za mikono ya watoto ambao sasa wana ndevu.

Ila jiwe, hapana.

Dalali alikuja leo kuiona nyumba. Eti tuchome matairi juu ya lile jiwe la uani, tulimwagie maji lipasuke, mnunuzi apate pa kuegesha gari. Gari! Huku kwetu Kirumba mlimani, ambako hata bodaboda anakushushia chini!

Baba Neema alishaanza kuitikia. Mimi nikaenda kuleta chai. Wasiwasi ninao, sikatai. Nyumba hii isipouzika, ile tunayojenga Kisesa itabaki bila paa. Lakini jiwe nililoanikia dagaa miaka yote…

Dalali akamaliza chai, akaomba nyingine, akajinyoosha. “Mama, hapa pana upepo mzuri wa ziwani. Mtu unalala kabisa.”

Muda wote huo alikuwa amekaa juu ya jiwe.

Nikamwambia, “Basi mnunuzi akija, mkalishe hapo hapo.”

Baba Neema alicheka mpaka chai ikampalia.