Lisp Tatu, Kosa Moja

Jumamosi, Kendu Bay. Mvua imekatika saa nne asubuhi, na mimi nimekaa hapa natabasamu peke yangu.

Acha niungame. Wiki tano nimekuwa nikijifunza Lisp, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, huku nikibadilisha matoleo yake kwenye laptopu yangu ya Linux. Nilianza na toleo liitwalo SBCL. Nikikosea jina tu, inamwaga maneno mengi, kisha inaniachia sifuri na mabano. Naandika tena, nazidi kuzama. Nikasema hii ni mbovu, nikaifuta. Nikaweka CLISP, yaleyale. Nikaweka ECL, yaleyale. Nikashinda mtandaoni nikisoma watu wakibishana ipi inamfaa anayeanza.

Programu hata moja sijaandika. Mwalimu wa hesabu mzima!

Ninajifunza na Robi, rafiki yangu wa Uriri anayetengeneza simu sokoni. Kila Jumamosi tunapigiana simu na kupitia kitabu kimoja pamoja. Kila nilipohama nilimwambia naye ahame, akasema sawa. Jana akanitumia ujumbe kwamba anaacha. Niliumia, maana najijua: bila yeye, na mimi ningeacha.

Leo nikampigia kumshawishi, nikiwa na Lisp ya nne mkononi. Nilipolalamikia ile sifuri, akauliza kwani inanitisha nini.

"Mwalimu, hiyo haijaharibika. Inakungoja. Soma hapo juu, kuna orodha. Chagua namba ya kurudi."

Nikarudisha SBCL, nikakosea makusudi, nikasoma. Kweli, kila namba ina maelezo yake. Nikabonyeza ya kurudi mwanzo, nikarudi.

Hivyo tu.

Nilicheka hadi machozi. Mimi ninayewakaripia wanafunzi kila siku wasome swali kwanza!

Kumbe Robi hakuwahi kuhama SBCL. Nikamuuliza, basi mbona anaacha? Akasema alidhani nahamahama kwa sababu yeye, aliyeishia kidato cha pili, ananichelewesha, nami naona haya kumwambia.

Hapo kicheko kiliniisha. Nilimwambia ukweli wote: niliogopa kuonekana sijui, nikaona afadhali niilaumu mashine.

"Basi siachi," akasema. "Lakini usihame tena."

Sihami. Nimezifuta zile nyingine, na kifua changu leo ni chepesi ajabu.

Kabla ya kukata simu nilimuuliza amefika wapi kitabuni. Sura ya sita. Kila Jumamosi alikuwa akirudi sura ya kwanza kwa ajili yangu.

Jumamosi ijayo, yeye ndiye mwalimu.