Waya wa Ardhi

Nakivale, 6 Machi 1983

Mjomba Zubairi,

Asalaam aleikum. Sisi tuko, na kifua cha Mama kimepoa. Mnaendeleaje hapo Mbarara?

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu nikishika Kiingereza cha shule najiona niko mbele ya mwalimu, na unajua mdomo wangu ulivyo mzito. Tangu tufukuzwe Biharwe na kaka Buruhan atupotee njia ya Kikagate, Mama anataka kusikia matangazo ya waliopotea. Betri hatuna. Jioni anasimama nje ya duka lenye redio pale Base Camp, katikati ya kambi, lakini mwenye duka anaweka muziki.

Nimeunda ile redio uliyonichorea, isiyotumia betri. Koili nimeizungusha kwenye chupa, waya mrefu uko juu ya miti. Waya wa ardhi nimeuzika kwenye kopo la udongo chini ya kitanda, ili tukihamishwa tena tulibebe. Naweka kisikilizi sikioni, kimya. Nimekosea wapi?

Mpwa wako,
Saudah

Mbarara, 15 Machi 1983

Mpwa wangu Saudah,

Waaleikum salaam. Msalimie dada. Mimi mzima, macho tu yanauma kwa moshi wa risasi, hii ya kuchomea waya, si ile ya bunduki.

Koili haina kosa. Chombo hicho kinaishi kwa nguvu ya mawimbi yenyewe, nayo ni kidogo mno. Yakiingia kwa waya wa juu lazima yapate pa kushukia, na kopo halina pa kuyapeleka. Pigilia chuma kirefu chini, mahali penye majimaji.

Tena usitegemee kichague stesheni. Kinapokea mawimbi mapana, stesheni zinaingia pamoja. Ningekuongezea vifaa vya kuchuja, lakini vingekula hiyo nguvu kidogo. Masikio ndiyo yatachuja.

Mjomba wako,
Zubairi

Nakivale, 2 Aprili 1983

Mjomba,

Habari za huko? Sisi hatuumwi, ila nyumba imepoa.

Nilipata chuma, lakini Baba ameninyang'anya. Akasema, "Hapa sipigilii kitu. Anayepigilia amekubali kukaa." Mama alijifunga leso akaenda kusimama dukani.

Saudah wako

Mbarara, 11 Aprili 1983

Saudah,

Mungu awatunze. Usishindane na shemeji. Alichokiacha Biharwe nakijua. Mpe Mama kisikilizi akizoee.

Mjomba

Nakivale, 19 Juni 1983

Mjomba mpenzi,

Natumaini macho yamepona. Samahani kwa kunyamaza.

Mwezi uliopita nilitoka shule nikakuta chuma kimeingia ardhini, karibu na jiwe la udhu. Hakuna aliyesema ni nani. Nilifunga waya, na mtu akazungumza sikioni mwangu, mbali, kama yuko ndani ya mtungi.

Stesheni mbili zinaingia pamoja, kwenye moja mtu anasoma majina ya waliopotea, kwenye nyingine wanaimba. Mama anafumba macho, anachuja. Buruhan bado hajatajwa.

Sasa ni kiangazi, ardhi ikikauka sauti inafifia. Jana kabla ya matangazo nilimwona Baba anatia udhu palepale kwenye chuma, maji mengi, polepole. Haukuwa wakati wa swala.

Mpwa wako,
Saudah