Alipigana Nasi

"Mwalimu, 'with' maana yake ni 'pamoja na'. Hata mtoto wa darasa la tatu anajua." Hayo ni maneno ya mdogo wako Mika, aliyoniambia mbele ya kaburi lako, watu wakisikia.

Ndahani, rafiki yangu, mdogo wako hajui. Nakuandikia wewe kwa sababu ndiwe ambaye ungecheka kabla sijamaliza kumjibu.

Ndugu zako wamekujengea kaburi. Saruji nzuri, vigae vyeupe, na upande wa kichwani wamekuchongea maneno kwa Kiingereza, lugha uliyowafundisha watu wa Kintinku mpaka ukaota mvi: HE FOUGHT WITH US. Walikusudia kusema ulipigana bega kwa bega nao. Lakini mama Neema, yule muuza vitumbua wa stesheni uliyemfundisha, aliyasoma polepole, akageuka akauliza, "Alipigana nasi? Kwani marehemu alikuwa mgomvi?" Watu wakatazama chini. Hapo ndipo Mika alipokasirika, nami nilipotetea swali la mama wa watu, akanitupia hilo la darasa la tatu.

Nilimjibu kama ulivyonijibu wewe ofisini kwa walimu, mwaka ule nilipodai kwamba Kiingereza ni lugha iliyonyooka na Kiswahili changu ndicho chenye utata. Ulisema, "Kunywa chai, Mnyaturu mbishi, halafu ukae chini ufundishwe." Ukaniambia kwamba zamani 'with' haikuwa 'pamoja na'. Ilikuwa 'dhidi ya'. Ndiyo maana mpaka leo 'withstand' ni kusimama dhidi ya kitu, kukihimili. Neno lao la 'pamoja' lilikuwa lingine, 'mid', nalo likafa. Limebaki limejificha ndani ya jina la mkunga, 'midwife', yule anayekuwa pamoja na mwanamke anapojifungua. Neno la upinzani likarithi kiti cha neno la umoja, na hakuna aliyeshtuka.

Nikabisha, kwa kuwa kubisha ndiyo kazi yangu. Ukanimaliza na 'na' yangu mwenyewe. "Niambie," ukasema, "nikipigana na wewe, tuko upande mmoja au tunatoana meno?" Nilikunywa chai. Sijawahi kukuambia kwamba lile somo nililifundisha darasani kwangu kila mwaka, nikijifanya ni langu.

Sasa lambo, lile bwawa la kijiji la kunyweshea, limezungushiwa seng'enge na aliyelinunua. Ng'ombe wa kitongoji chenu wanapelekwa kunywa mbali, wanarudi mbavu zikihesabika, na akina mama wanaofua wanazuiwa getini na kijana asiye wa hapa. Nyumba yako imefungwa. Mkeo amekwenda kwa binti yenu Itigi, na mbuzi wako, Mika amewachanganya na wake.

Mkutano wa kijiji ule sitausahau. Ulisimama ukasema lambo halina mwenyewe wa kuliuza. Ukawageukia ndugu zako, ukoo mzima ulioketi kwenye majani, ukawaambia kwa Kigogo na kisha kwa Kiswahili, ili wasipate pa kujificha: "Simameni." Mika alikuwa anachokonoa ardhi kwa kijiti. Walikwisha kuahidiwa na mnunuzi viwanja kando ya maji. Mkono pekee ulioinuka pamoja na wako ulikuwa wangu, na mwenyekiti akasema mgeni hapigi kura. Uliketi. Ulikuwa na presha tayari, na kutoka siku ile sikukuona tena ukimaliza sahani ya ugali.

Basi mama Neema ameuliza swali sahihi, na jiwe limesema kweli ambayo waliolichonga hawakuikusudia. Ulipigana nao. Kwa maana ya kale, ile ya kabla neno halijalainishwa. Hilo ningeweza kulivumilia. Nisichovumilia ni kwamba wanalisoma kwa maana mpya, wanapiga picha wameshikana mabega juu yako, na wajukuu watakua wakiamini kwamba ukoo wote ulisimama.

Lala, Ndahani. Nimechoka kubishana na watu wasiojua kubisha. Naahidi nitakwenda kila mkutano utakaoitishwa kuhusu yale maji, wanihesabu au wasinihesabu, na nitasema jina lako kwa sauti mpaka wanitoe nje.

Na ninyi, Mika na ndugu zake, barua hii nawaletea nakala kwa sababu yeye hawezi tena kuwasomea. Sitaki mlivunje lile jiwe. Mmekwisha kuligharimia, na Kiingereza mlikichagua wenyewe. Mwiteni fundi arudi na patasi yake. Baada ya WITH kuna nafasi. Mwambieni aongeze OUT.