Viti Viwili na Mama Mkwe

Jumatano, 19 Machi

Mwezi mmoja leo na Nasimiyu. Sijajuta hata siku moja. Naandika hapa nyuma ya daftari la ukaguzi wa lifti, mahali ambapo bosi hafunui — hata siku moja!

Jina nilimpa mwenyewe. Kwetu Bungoma mtoto wa kike akizaliwa kiangazi ni Nasimiyu, nami nilimnunua Februari, vumbi la mtaa wetu wa Kinoo limetufika kooni. Kigari cha Kijapani, umri miaka kumi na tisa, viti viwili, paa la turubai la kukunja kwa mkono. Zamani alikuwa mwekundu. Sasa ni rangi ya nyanya iliyokaa sokoni siku tatu.

Watu wamecheka. Jirani wa chini aliniuliza, buda, umenunua gari ama toy? Fundi Wahome, aliyeniuzia, naye alinionya: hii ni gari ya raha, si ya kazi, wewe mtu wa lifti chukua Probox. Bei ilikuwa ileile.

Sasa tazama. Leo watu wanne wamekwama kwenye lifti pale Moi Avenue, mmoja wao ana pumu. Mimi niko Kileleshwa natia grisi. Zamani ningebeba sanduku la vyombo begani hadi stendi, ningengoja, ningefika saa nzima baadaye nikatukanwa. Leo nimefika kwa dakika ishirini na mbili. Yule wa pumu ametoka akanishika mkono mara mbili. Asante Nasimiyu. Asante Mungu.

Kasoro zake nazijua. Tumbo linakwaruza kila bampu. Na kibanio cha paa upande wa kushoto kimechoka: aliyekaa kiti cha kushoto lazima akivute kwa nguvu huku mimi nafunga cha kwangu, la sivyo paa halifungi. Nikiwa peke yangu nazunguka gari kama mtu aliyepoteza funguo.

Jumamosi, 22 Machi

Mke wangu Ivyne ameniambia nikinyoa ndevu. Mama yake anakuja Nairobi. Mtoto wa jicho.

Jicho la kushoto lilikufa zamani, hakuna la kufanya. La kulia ndilo limebaki, na sasa hata kuku wake hawatambui mpaka walie. Daktari wa kliniki ya Kileleshwa amesema akipasuliwa sasa ataona. Akichelewa — Ivyne hakumalizia.

Nimefurahi. Halafu nimekumbuka gari.

Niandike wazi. Mimi na mama mkwe wangu, Mama Nanjala, tuna miaka sita ya ukwe na hatujawahi kushikana mikono. Hatukai chini ya paa moja. Nikiingia kwao kwa mlango wa mbele, yeye anatoka kwa jikoni. Tunasalimiana uani, mita kumi, yeye amejitanda leso, mimi nimetazama miguu yangu. Si chuki. Ni heshima, tena kubwa. Wenzangu kazini wakisikia wanacheka, lakini baba yangu aliishika mpaka akafa, na mimi sitakuwa wa kuivunja.

Kwa hiyo hawezi kulala kwetu. Atalala kwa mdogo wake, Millicent, ploti ya tatu juu yetu. Ivyne ana leseni, atamwendesha. Mimi nitatembea. Sawa kabisa.

Kitu kimoja kinanikera moyoni. Mwaka ule wa korona nilipoachishwa kazi, Mama Nanjala alituma magunia mawili ya mahindi kwa basi. Hakupiga simu. Hakuuliza. Tulikula mahindi yale miezi mitano. Sijawahi kumwambia asante kwa mdomo wangu. Nilituma kupitia Ivyne, na asante ya kutumwa hufika imepoa.

Jumanne, 25 Machi

Amefika! Ivyne na mama yake ndani ya Nasimiyu, mimi nyuma yao kwa boda nimekumbatia jogoo na begi. Jogoo amenidonoa kidole. Mwenye boda akauliza, mzae, ile si gari yako? Nikasema ni yangu. Hakuuliza tena.

Salamu langoni kwa Millicent, mita kumi kama kawaida. Mama Nanjala amezeeka. Alikuwa anageuza kichwa kutafuta sauti yangu ilipotoka.

Ivyne amenipa ripoti usiku. Mama amesema gari langu limekaa kama beseni. Lakini amefurahia kibanio! Ivyne alimwonyesha kwa kupapasa namna ya kukivuta, akakivuta mara moja kikaingia. Mikono ya mtu aliyekamua ng'ombe miaka arobaini. Mimi mwenyewe huwa navuta mara tatu.

Alhamisi, 27 Machi

Amepasuliwa. Dakika ishirini tu.

Ijumaa, 28 Machi

Wametoa bandeji asubuhi. Jambo la kwanza alilomwambia Ivyne: mbona umekonda hivyo, Lazarus hakulishi? Ivyne amelia, amecheka, amenipigia nikiwa juu ya lifti, ghorofa ya tisa. Nimeketi palepale kando ya kebo nikashukuru. Musili, mwenzangu kazini, alidhani nimepigwa shoti na stima.

Masharti: matone mara nne kwa siku. Asiiname. Vumbi hapana, boda hapana. Maji yasiguse jicho hata tone. Na likiuma au likiwa jekundu, aje mara moja, siku hiyohiyo, asingoje. Daktari alirudia hilo mara tatu. Ivyne ameliandika na kulibandika ukutani kwa Millicent.

Jumanne, 1 Aprili

Ivyne ana semina Nakuru, kesho hadi Jumamosi. Kazi haikatai. Millicent atatia matone.

Jioni nimempitia Ivyne kwa Millicent. Mama Nanjala alikuwa ameketi nje anachambua maharage. Anaona kila punje! Akanisalimu kutoka alipokuwa, akasema — kwa hewa, si kwangu — kwamba kumbe gari ni jekundu. Nikaiambia hewa kwamba ndiyo, ni jekundu kidogo. Hayo ndiyo mazungumzo marefu zaidi tuliyowahi kuwa nayo. Nimetembea nyumbani nimejaa kama mtu aliyekula ugali wa arusi.

Ijumaa, 4 Aprili

Naandika chini ya kibaraza cha kioski cha matairi, Waiyaki Way, tumepita Kangemi. Mvua. Acha niandike nikingoja.

Ivyne amepiga saa moja na nusu kutoka Nakuru, sauti imekatika. Mama ana maumivu tangu jana jioni. Alificha, asisumbue mtu. Millicent aligundua akitia matone alfajiri: jicho jekundu kama pilipili. Kliniki wamesema aletwe sasa, daktari anaondoka saa sita, na hilo jicho halina siku ya kungoja.

Na leo matatu zimegoma. Zote. Millicent mwenyewe, baada ya kumpigia Ivyne, alishatoka kwa miguu kwenda kazini. Nimeita teksi kwa simu: tatu zimekubali, tatu zimekatisha. Majirani wenye magari walitoka mapema. Boda — vumbi, na nyonga mbovu ya mama. Kilichobaki ni Nasimiyu. Viti viwili. Yeye na mimi.

Nimesimama langoni. Mama Nanjala yuko mlangoni, kiganja kwenye jicho. Katikati yetu Wangui, mama mwenye ploti, anaanika nguo.

Mama akasema, "Wangui, mwambie asante, lakini haiwezekani. Ile gari ni chumba kimoja."

Wangui akanigeukia. "Anasema haiwezekani."

"Mwambie daktari anaondoka saa sita."

"Anasema daktari — ngai! Kwani mmekosana? Mko hapa wote wawili, mimi ni simu?"

Nikamweleza Wangui kwa sauti, ili na mwingine asikie. Kwamba hatujakosana. Kwamba sijawahi kumheshimu mtu kama huyu. Kwamba nikimpakia nimemkosea, na nisipompakia jicho litakufa, na likifa nitaishi vipi na mtoto wake? Wangui aliacha kuanika. Nikasikia mama akivuta pumzi.

"Wangui. Lile turubai la juu linatoka?"

Nilijibu kabla Wangui hajafungua mdomo. "Linatoka!"

"Basi alitoe. Gari bila paa si nyumba. Sokoni tunakaa chini ya jua na wakwe zetu, hakuna anayeuliza."

Nililikunja paa mpaka nikajikata kidole. Wangui akamvika miwani yake kubwa ya jua juu ya kinga ya plastiki aliyopewa kliniki, shali mara mbili kichwani. Vioo juu. Mama akaingia mwenyewe, akajibana mlangoni, uso nje. Mimi nikajibana wangu. Katikati gia tu.

Kilomita thelathini kwa saa! Gari la mashindano! Upepo usimguse. Mkokoteni wa maji umetupita pale Uthiru. Watu wote wanatembea kwa miguu leo, mamia, na wote wametutazama: bibi wa miwani myeusi kwenye gari jekundu lililo wazi na dereva anayetazama upande mwingine. Vijana wakapiga mbinja. "Cucu, uko sawa! Wacha ikae!" Nilitamani ardhi inimeze. Nikageuka kidogo tu — anacheka. Bega linacheka.

Halafu akaacha. Akakiambia kioo cha mlango, "Jana nilikuwa naona mpaka vifungo vya mashati ya watu. Leo kuna ukungu."

Nilikanyaga mafuta kidogo.

Matone ya kwanza yalianguka hapo. Mazito. Maji yasiguse jicho hata tone! Nikakata kona nikaingia chini ya paa la kituo cha mafuta. Nikazima injini. Ndipo tukatazama juu wote wawili, kwa pamoja.

Paa. Bati refu, jeupe, limetufunika sote.

Nimeruka nje kama niliyeungua. Nikakimbia mvuani mpaka huku kwenye kioski. Yeye yuko kule ndani ya gari, mkavu, peke yake, heshima yake imekaa. Mwenye matairi ameniuliza kama nimetoroka na gari la mtu.

Saa nne na robo. Nilidhani ni mvua ya kupita. Si ya kupita. Kuelekea mjini mbingu ni nyeusi moja kwa moja.

Saa nne na nusu. Kliniki wamepiga, mko wapi? Nimesema tuko njiani. Ivyne amepiga, sikushika. Nitamwambia nini? Kwamba kutoka hapa ni dakika kumi na tano na paa, na bila paa hakuna safari? Kwamba nimesimama hapa na adabu zangu zote, jicho la mama yake likiiva kule?

Baba, ungekuwa wewe ungefanya nini? Najua. Ungengoja mkubwa aseme kwanza.

Honi.

Honi tena. Ni Nasimiyu, nazijua zake, ile sauti ya bata. Mhudumu wa mafuta ameruka. Mama mkwe wangu ameegemea upande wangu, kiganja kizima kwenye usukani.

Anaita. Hamwiti Wangui, hamwiti mhudumu.

"Lazarus!"

Miaka sita. Sijui hata kama nilijua kwamba anaweza kuniita kwa jina.

"Lazarus! Njoo ufunge hili beseni twende!"

Amevuta lile turubai kutoka nyuma mwenyewe, limemfunika nusu. Amenyoosha mkono juu, amekishika kibanio cha kushoto. Anangoja nishike cha kwangu.

Naenda. Dakika kumi na tano, paa moja, na sitaweza kunyamaza njia nzima. Nitaanza na mahindi. Nitamwambia mama, yale mahindi —

Honi tena.